Pedeli zinagonga mawe kila nikipanda mlima: ninunue krenki fupi?

SWALI

Fundi, habari za kazi.

Nina baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma. Magurudumu ni inchi 29, mwendo wa shokapu ni milimita 150 mbele na 140 nyuma. Kabla ya hii nilikuwa na ya shokapu ya mbele tu, na kwa njia zilezile sikuwahi kupata shida hii. Sasa kila nikipanda sehemu yenye mawe, pedeli inagonga. Mara nyingine ni mguso tu, mara nyingine baiskeli inasimama ghafla na mimi natua juu ya usukani. Inatokea zaidi nikiwa nimekaa kwenye kiti, gia nyepesi kabisa (mbele meno 32, nyuma 52), na zaidi upande wa kushoto, kwa sababu njia ninayoipenda imechongwa ubavuni mwa kilima na kilima kiko kushoto kwangu.

Vipimo: krenki (mikono inayoshika pedeli) ni za milimita 175, pedeli ni bapa zenye unene wa milimita 18. Kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli ya krenki, baiskeli ikiwa imesimama bila mtu, ni milimita 338. Nina kilo 78 na urefu wa sentimita 172. Shokapu ya nyuma ni ya hewa na fimbo yake inaingia milimita 55. Nikikaa, kile kimpira cha kupimia kinasogea milimita 20. Rebaundi (kasi ya shokapu kurudi juu) nimeifunga hadi mwisho kwa sababu mwanzoni ilikuwa inanirusha. Kwenye kiungo cha nyuma cha fremu kuna kile kipande cha kugeuza, nimekiacha upande wa chini kama kilivyokuja. Kitabu kinasema tofauti ya juu na chini ni milimita 7.

Mwenzangu mmoja anasema nijaze hewa mpaka shokapu iwe ngumu. Wa pili anasema ninunue krenki za 165. Wa tatu anasema baiskeli za siku hizi ndivyo zilivyo, nizoee. Nimsikilize nani? Na tangu juzi pedeli ya kushoto inatoa "tik" kila ikizunguka.

Msomaji anayechoka kuanguka

JIBU

Ndugu msomaji, krenki fupi pengine utazinunua, lakini si leo. Leo shughulika na hiyo "tik".

Zungusha krenki polepole kurudi nyuma, huku jicho likiwa kwenye pedeli ya kushoto ukiitazama kutoka nyuma. Pedeli ikibaki usawa mzunguko wote, ekseli yake ni nzima. Ikiinama upande huu na ule, ekseli imepinda, na ekseli ya pedeli hainyooshwi, hubadilishwa. Kisha ishike uitikise juu na chini. Ikicheza, ni beringi. Ifungue pia, maana pedeli iliyolegea kidogo tu hutoa sauti hiyohiyo. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na wengi huikaza zaidi wakidhani wanaifungua. Njia isiyochanganya: simamisha spana wima juu ya ekseli ya pedeli, halafu isukume kuelekea gurudumu la nyuma. Hufungua hivyo pande zote mbili. Safisha tundu la krenki, tafuta ufa ukingoni mwake, tazama kama nyuzi zimelika. Ukirudisha, paka grisi na ukaze kwa Nm 35 hadi 40. Kama krenki zako ni za kaboni na ile bushi ya chuma inayopokea nyuzi inacheza hata kidogo, usiendeshe tena mpaka ubadilishe.

Sasa hesabu, maana umetuletea vipimo vyote na hilo halitokei kila siku. Chukua 338, toa 175 za krenki, toa 9 ambazo ni nusu ya unene wa pedeli. Inabaki 154. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo chini ya pedeli wakati baiskeli imeegeshwa ukutani, na ukutani hakuna mawe. Ukikaa, kimpira kinakwambia shokapu imebonyea 20 kati ya 55, yaani asilimia 36. Kwa hiyo gurudumu la nyuma limeshatumia milimita 50 hivi kati ya zile 140 kabla hujakanyaga hata mara moja. Krenki iko karibu zaidi na gurudumu la nyuma, ndiyo maana inabeba takriban theluthi mbili za kushuka kwa nyuma na theluthi moja tu ya kushuka kwa mbele. Ukichukulia foko (shokapu ya mbele) imebonyea kawaida, karibu milimita 30, ekseli ya krenki inashuka 42 hivi kwa jumla. Nafasi yako ya kweli ni milimita 112. Jiwe la sentimita 12 tayari ni adui, na hapo uko kwenye tambarare; mlimani uzito unarudi nyuma na shokapu inabonyea zaidi.

Hapo ndipo ilipo tofauti na baiskeli yako ya zamani. Ile haikuwa na kitu cha kubonyea nyuma. Hata kama ekseli yake ilikuwa chini zaidi ukiipima kwa futi, ilibaki karibu palepale ukiwa umekaa.

Asilimia 36 ni nyingi. Kwa baiskeli ya mwendo wa 140 inayopanda mawe, lenga 27 au 28, yaani kimpira kisogee milimita 15. Pima hivi: fungua kompresheni (kizuizi cha shokapu kubonyea) yote, vaa kila unachovaa njiani pamoja na mfuko wa maji, egemea ukuta kwa kiwiko, kaa kama unavyokaa ukiendesha. Sukuma kimpira hadi kwenye sili, tulia, kisha shuka polepole bila kuikandamiza baiskeli. Wanaoruka chini kama wanashuka basi hupata kipimo cha uongo. Ongeza psi 10 kwa pampu ya shokapu, ikandamize polepole mara kumi hivi ili hewa isawazike kati ya vyumba viwili vya ndani, pima tena. Ukifika 15, andika psi yake mahali. Ukija kuunganisha pampu siku nyingine utaona namba ndogo kuliko uliyoandika. Si kwamba shokapu inavuja, ni hewa iliyoingia kujaza mpira wa pampu. Ila kama baada ya wiki moja bila kuigusa kimpira kinarudi kwenye 20, sili zimechoka na shokapu inahitaji kufanyiwa huduma.

Hewa hiyo inakurudishia milimita 8 hivi pale kwenye pedeli.

Mwenzako wa kwanza, basi, amekaribia. Kosa lake ni neno "ngumu". Ukifika asilimia 20 utaongeza milimita 6 au 7 nyingine, lakini gurudumu la nyuma litaanza kurukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, na kwenye mwinuko gurudumu linaloruka linateleza. Utakuwa umebadilisha kugonga kwa kuteleza.

Rebaundi uliyoifunga ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko hewa. Shokapu ikirudi polepole mno, jiwe la kwanza linaibonyeza, na kabla haijarudi la pili limefika, kisha la tatu. Kila moja linaikuta chini kuliko lililotangulia. Baada ya mawe matano baiskeli imezama kama imebeba gunia, na wewe unashangaa kwa nini jiwe la sita, dogo kuliko yote, ndilo lililokuangusha. Zungusha kitufe hadi mwisho upande wa kufunga, kisha kirudishe nyuma ukihesabu mibofyo hadi katikati ya uwezo wake. Shuka ukingo wa sentimita 15 ukiwa umekaa kwenye kiti, taratibu. Baiskeli ikizama, ikainuka ikapita kidogo, kisha ikatulia, ni sawa. Ikiyumba mara mbili au zaidi, funga mbofyo mmoja. Ikiinuka kwa uvivu bila kupita, fungua mmoja. Fanya hili baada ya kuweka hewa, si kabla, kwa sababu hewa ikiongezeka shokapu hurudi kwa nguvu zaidi. Ile kukurusha ya mwanzoni tunaielewa, ila dawa yake ilikuwa mibofyo miwili mitatu, si kufunga mlango wote.

Kama shokapu ina kitasa cha kompresheni chenye hatua tatu, ya kati ndiyo ya kupandia mawe. Ile ya kufunga kabisa iachie barabara ya lami.

Sasa miguu, na hapa usiharakishe kusoma. Kwa gia ya 32 kwa 52 na gurudumu la inchi 29, mzunguko mmoja wa krenki unakusogeza mita 1.4 hivi. Maana yake, kila sentimita 71 pedeli mojawapo iko chini kabisa. Ukikanyaga mfululizo kwenye gia hiyo katikati ya mawe, ni kama unachovya fimbo ardhini kila sentimita 71 ukiomba isikute kitu.

Tazama jiwe moja tu. Gurudumu la mbele linaligusa. Kutoka kitovu cha gurudumu hilo hadi ekseli ya krenki, kwenye baiskeli ya aina yako, ni karibu sentimita 78 (pima yako). Kwa hiyo jiwe litakuwa chini ya krenki utakapokuwa umesogea sentimita 78, na kwenye gia yako hiyo ni nusu mzunguko na ziada kidogo. Nusu mzunguko hubadilishana miguu: wa kulia unakwenda ulipokuwa wa kushoto. Kama miguu ilikuwa usawa gurudumu lilipogusa jiwe, itakuwa karibu usawa krenki inapopita juu yake, na pedeli iko sentimita 10 na zaidi juu ya pale ingekuwa chini kabisa. Kama mguu mmoja ulikuwa chini kabisa gurudumu lilipogusa, mwenzake utakuwa chini kabisa juu ya jiwe. Bila kukosea. Hilo "ghafla" lako lina ratiba.

Kwa hiyo jizoeze jambo moja: gurudumu la mbele liguse jiwe miguu ikiwa usawa. Chagua jiwe moja kwenye mwinuko mpole, lipite mara ishirini. Ukikosea hatua, achia robo mzunguko kabla ya jiwe, pedeli zikae sawa, ndipo ukanyage. Ukibadilisha gia, uwiano unahama kidogo (kwa 32 kwa 42 ni sentimita 88 kwa nusu mzunguko), ila kanuni ya kuanza usawa bado inakulinda.

Mawe yakiwa mengi mfululizo, ratiba haifai tena, tumia robo-robo. Mguu wa mbele unaanzia juu kidogo ya usawa, unakanyaga hadi nusu ya njia ya kwenda chini, unaurudisha nyuma, unakanyaga tena. Pedeli haifiki chini kamwe; ikiishia digrii 45 chini ya usawa bado una milimita 51 za ziada. Hili halifanyiki kwenye gia nyepesi kabisa, kwa sababu robo mzunguko wa 52 ni sentimita 36 tu na utasimama. Kabla ya kuingia kwenye mawe, shusha gia moja au mbili kwenye kaseti (gia za nyuma), ufike kwenye 42 au hapo karibu, uingie na mwendo. Habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) nayo inachangia: yenye mibofyo 36 kwa mzunguko inapoteza hadi digrii 10 za habu kabla ya kushika kila unapokanyaga upya, yenye 18 inapoteza 20, na kwenye robo mzunguko hizo ni nyingi.

Kwa nini kushoto zaidi? Ubavu wa kilima uko kushoto, kwa hiyo ardhi ya upande huo iko juu kuliko ile tairi linapokanyaga, na pedeli ya kushoto inashuka kukutana nayo. Pitisha magurudumu upande wa nje wa njia pale panaporuhusu. Na pale unapoteleza bila kukanyaga, mguu wa upande wa kilima uwe juu. Kwenye robo-robo weka mguu wa kulia mbele, ndio ukanyage. Wa kushoto utakuwa unainuka kila wa kulia unaposhuka. Wengi wana mguu mmoja waliouzoea mbele, na kama wako ni wa kushoto itakuchukua siku kadhaa kujizoeza mwingine. Ukikaa, sogea kwenye ncha ya kiti na uinamishe kifua, ili shokapu ya nyuma isibebe kila kitu.

Baada ya hapo geuza kile kipande cha fremu. Ni bure na kinakupa 7. Pembe ya foko itasimama karibu nusu digrii, hivyo kwenye mteremko mkali usukani utakuwa mwepesi kidogo. Kwa mtu anayelia na kupanda, ni biashara nzuri. Safisha bolti, paka gundi ya nyuzi, kaza kwa kipimo cha kitabu cha fremu, kisha pima kimpira upya kwa sababu shokapu inaweza kubonyea tofauti.

Ndipo tunafika kwa mwenzako wa pili, ambaye ana haki kamili, ametangulia tu. Krenki za 165 ni milimita 10 za uhakika, kila mzunguko, bila kujali shokapu iko wapi. Kwa urefu wako hatuoni sababu ya kubaki na 175. Pedeli zenye unene wa 12 zitaongeza 3, na kama hiyo ya kushoto imepinda, pesa hiyo tayari ilikuwa inatoka. Jumlisha: 8 za hewa, 7 za kipande, 10 za krenki, 3 za pedeli. Kutoka 112 unafika 140.

Usinunue foko ndefu zaidi kwa ajili ya hili. Milimita 10 za foko huinua krenki 3 au 4 tu na kuulegeza usukani kwenye kupanda. Tairi pana zaidi huleta milimita chache, nazo ni sababu ndogo ya kununua tairi. Na usije ukashawishika kuweka gurudumu dogo la inchi 27.5 nyuma kwenye fremu isiyotengenezwa kwa hilo: krenki itashuka sentimita 1.2 hivi na tutapokea barua yako nyingine.

Ukinunua krenki, hakikisha kipenyo na urefu wa ekseli vinalingana na beringi zilizomo kwenye fremu. Mkono mfupi unapunguza wenzo kwa karibu asilimia 6, kwa hiyo mlima utausikia mzito. Gia ya mbele ya meno 30 badala ya 32 inafuta tofauti hiyo karibu yote. Inua kiti milimita 10, kwa sababu pedeli sasa inaishia juu zaidi na mguu hautanyooka kama ulivyozoea. Kisha kaa, egemea ukuta, na upime kimpira tena: ukiinua kiti, uzito unahamia nyuma, na ile 15 yako huenda imekuwa 16.